Mtoto asiyetulia si mlozi

Masomo ya kutafakari: Yohana 9:1-7, Marko 9:14-29, Luka 9:42, Isaya 38:21



Tunawaandikia juu ya jambo linalotuumiza moyo. Katika siku za maombezi, wazazi wanaleta watoto mbele ya wazee wa paruasi na kusema: "Mtoto huyu hatulii. Masomo yanamshinda. Anapoteza daftari, anavunja vyombo, ukimtuma anasahau njiani. Tazameni kama hana kitu." Na sisi sote tunajua maana ya neno "kitu" hapa Kongo. Wanaogopa ulozi. Tena mara nyingi neno hilo limekwisha kusemwa nyumbani, na mtoto mwenyewe amelisikia kwa masikio yake.

Kwa hiyo leo tutajibu maswali matatu. Hali hii ni nini, na inatoka wapi? Inajulikana namna gani? Na je, mzazi akimpa mtoto dawa ya hospitali, amekosa imani?

1. Swali la wanafunzi na jibu la Bwana

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawakumwuliza yule mtu jina lake. Walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda zambi, yeye au wazazi wake. Walitaka mwenye kosa. Bwana Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakumpa mwenye kosa hata mmoja. Aliwaonyesha kazi ya Mungu iliyopaswa kutendeka juu ya mtu huyu, kiisha akainama, akafanya tope, akaanza kazi.

Sisi tumeongeza swali la tatu ambalo hata wanafunzi hawakuliuliza: Nani amemloga? Au baya zaidi: Yeye mwenyewe anamloga nani? Wandugu, kama Bwana hakukubali maswali mawili ya kwanza, tunafikiri atalikubali hili la tatu?

2. Hali hii ni nini

Madaktari wa Kongo wanaiita kwa herufi nne za Kifaransa: TDAH. Kwa Kiswahili tuseme tu: kukosa usikivu na utulivu. Ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya mtoto ambaye akili yake haikai mahali pamoja: anaanza kazi haimalizi, haonekani kusikia unaposema naye, anasahau mambo ya kila siku. Sura ya pili ni ya mtoto ambaye mwili wake haukai: anachezesha mikono na miguu, anasimama wakati wengine wameketi, anajibu kabla swali halijaisha, hawezi kungoja zamu yake. Watoto wengine wana sura zote mbili. Wengine, na hasa wasichana, wana ile ya kwanza peke yake. Wanakaa kimya nyuma ya kalasi, wanawaza mengine, na mwalimu anawaita wavivu.

Si ugonjwa wa Kongo, wala si wa siku hizi. Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alieleza mbele ya madaktari wenzake mjini London juu ya watoto wasioweza kujizuia, ingawa akili zao zilikuwa nzima. Je, wale watoto wa Uingereza waliroga babu zetu? Waliochunguza habari hii katika nchi nyingi za dunia wanahesabu karibu watoto 5 kwa kila watoto 100. Shule yetu ya Jumapili yenye watoto 60 inaweza kuwa na watatu namna hiyo. Kama kila mmoja wao ni mlozi, basi hakuna kanisa duniani lisilo na walozi katika kwaya ya watoto.

3. Inatoka wapi

Sababu kubwa ni urithi. Waliolinganisha mapacha wameona kwamba karibu robo tatu ya tofauti kati ya watoto katika jambo hili inatokana na damu ya wazazi. Ndiyo maana, papa, ukimtazama vizuri mtoto wako asiyetulia, pengine utajikumbuka wewe mwenyewe ulipokuwa kalasi ya tatu, au utamkumbuka mjomba wake. Hujamrithisha ulozi. Umemrithisha namna ubongo wake unavyofanya kazi, kama ulivyomrithisha pua na kimo.

Kuna sababu nyingine: mtoto kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, au na uzito mdogo sana, madini ya risasi yaliyoingia mwilini, pigo kubwa la kichwa. Tena imeonekana kwamba hali hii ni nyingi zaidi kwa watoto ambao mama zao walikunywa pombe au kuvuta tumbako wakati wa mimba. Wandugu, manabii wetu walipotukataza pombe na tumbako, wengine walicheka. Leo mama mwenye mimba anayeshika amri hiyo anamlinda mtoto ambaye hajamwona bado.

Na hapa kwetu kuna malaria. Watafiti walifuata watoto wa Kampala, nchi ya Uganda, waliopona malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2008 waliandika kwamba baada ya miaka 2, karibu mtoto 1 kwa kila 4 alikuwa bado na upungufu fulani wa akili, na upungufu uliozidi ulikuwa wa usikivu. Kwa watoto wa jirani ambao hawakupata malaria hiyo, hawakufika hata 1 kwa kila 10. Basi mama anayesema, "Mtoto wangu alikuwa mwema, alibadilika baada ya ule ugonjwa," anasema kweli. Alibadilika. Lakini aliyembadilisha ni mbu.

Malezi mabaya peke yake hayaleti hali hii, wala sukari haiileti. Fimbo nyingi zinaizidisha, kwa maana mtoto anajifunza woga, hajifunzi utulivu.

4. Inajulikana namna gani

Hapa tufungue Marko sura ya 9. Baba mmoja alileta mwanawe aliyesumbuliwa tangu siku nyingi. Angalieni jambo ambalo tunalipita haraka. Kabla ya kumponya, Bwana Yesu alimwuliza baba: amepatwa na haya tangu lini? Naye baba akajibu kwamba ni tangu utoto, akaeleza namna yanavyomtupa motoni na majini.

Bwana aliyejua yote aliuliza. Hakutoa hukumu mbele ya mkutano kwa kumtazama mtoto usoni. Aliketisha imani ya baba juu ya maneno ya kweli. Je, sisi ni nani, tuseme, "Roho amenionyesha," kabla hatujauliza hata umri wa mtoto?

Na swali la kwanza la daktari ni lile lile la Bwana: tangu lini? Madaktari wanataka kujua kama dalili zilianza kabla ya miaka 12. Kama zimedumu miezi 6 au zaidi. Kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni pia. Na kama zinamharibia mtoto masomo na maisha pamoja na wenzake. Wanahesabu dalili 9 za usikivu na dalili 9 za utulivu, na kwa mtoto wanataka angalau 6 katika orodha moja. Mtoto anayesumbua nyumbani tu, na shuleni ametulia, tutafute jambo lililoko nyumbani. Mtoto aliyeanza kusumbua mwezi uliopita, baada ya kifo cha mama yake, ana huzuni. Mtoto aliyekimbia vita na kuona yasiyofaa macho ya mtoto, moyo wake unakesha kwa hofu.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha TDAH, wala picha ya kichwa. Mtu akiwauzia kipimo cha namna hiyo, linda franka zenu. Daktari anajua kwa kuuliza wazazi, kuuliza mwalimu na kumtazama mtoto kwa utaratibu. Na kwanza anaondoa mambo yanayofanana na hali hii. Kwa hiyo tunawapa wazazi njia hii:

Kwanza, mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya. Wamtazame masikio, maana asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi. Wamtazame macho, maana asiyeona ubao atacheza na jirani. Watazame minyoo, upungufu wa damu, malaria, na kama analala na kula vya kutosha. Waulize kama kuna wakati anaganda ghafla, macho yanatazama mahali pamoja, kiisha anaendelea kama hakuna kitu. Hiyo inaweza kuwa kifafa kidogo, na kina dawa yake.

Pili, mkiwa mnaweza, endeleeni mpaka kwa wale waliosomea magonjwa ya akili. Kinshasa kuna CNPP ya Chuo Kikuu, pale Mont-Amba, na kituo cha Telema. Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Msione haya kupita mlango huo. Si wazimu peke yao wanaopita hapo.

5. Dawa na imani

Wengine wanasema: "Sisi ni kanisa la maombi. Mwenye kumeza dawa amemkana Mungu." Tunawaheshimu, lakini tuwaulize. Mfalme Hezekia alipokuwa anakaribia kufa, Mungu alisikia maombi yake na kumwongezea miaka 15. Tena nabii Isaya, yule yule aliyeleta neno la Mungu, aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Nabii alitoa unabii na dawa siku moja. Paulo aliponya wagonjwa kwa jina la Yesu, lakini kwa tumbo la Timoteo alimpa shauri la kutumia mvinyo kidogo, na katika safari zake alitembea na Luka, daktari mpendwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa kwamba amekosa imani. Tunachokataza ni hirizi na mfumu. Kidonge cha hospitali hakiabudiwi.

Dawa inayojulikana zaidi kwa hali hii inaitwa metilfenidati; wengine wanaijua kwa jina la Ritalin. Ilitengenezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1944. Katika ubongo kuna wajumbe wanaopeleka habari kutoka sehemu moja hadi nyingine, mmoja wao anaitwa dopamini. Kwa mtoto wa namna hii, mjumbe huyo hafanyi kazi sawasawa, na dawa inamsaidia. Haimlazi mtoto. Inamsaidia kushika jambo moja. Kidonge cha kawaida kinafanya kazi karibu saa 4, kiisha nguvu yake inapita. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuata watoto 579 kwa miezi 14: dawa iliyofuatiliwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafundisho ya malezi peke yake.

Lakini tuseme na upande wa pili. Dawa hii haiondoi hali hii milele. Inaweza kukata hamu ya chakula, kuchelewesha usingizi, kupandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo daktari anapima uzito, kimo na moyo wa mtoto. Haianzwi kwa mtoto chini ya miaka 6. Kwa wadogo hao, kazi ya kwanza ni kuwafundisha wazazi namna ya kuwaongoza. Ni dawa inayolindwa na mapatano ya mataifa ya mwaka 1971, wala haipaswi kuuzwa sokoni kama aspirini. Mwaka 2019 na tena 2021, Shirika la Afya Duniani halikuiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima, na katika vituo vyetu vingi vya afya hamtaiona.

Basi tunaonya. Usinunue vidonge vya namna hii kwa mchuuzi wa barabarani. Usimpe mtoto valiumu kusudi anyamaze. Mtoto aliyelazwa kwa dawa hajatulia, amezimwa. Na ninyi manabii na mashemasi, msimwambie mzazi aache dawa ya daktari kwa sababu mmeomba. Ombeni, na mtoto ameze. Mungu akimponya, daktari ataona, naye atapunguza dawa mwenyewe.

6. Kazi isiyodai franka

Mkikosa dawa, msikate tamaa. Kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza.

Mpe mtoto agizo moja kwa wakati mmoja. Usiseme, "Chota maji, kiisha fagia, kiisha nenda kwa mama mdogo." Mwite karibu, mtazame machoni, sema neno moja, mwache alirudie. Akilitimiza, msifu papo hapo, usingoje jioni. Kazi ndefu ikate vipande. Saa ya kula, ya kusoma na ya kulala iwe moja kila siku. Adhabu iwe ndogo, ya haraka, bila hasira, wala isiwe fimbo.

Ninyi walimu, mketisheni mbele, mbali na dirisha na mlango. Mpeni kazi ya kufuta ubao au kugawa daftari, kusudi mwili wake upate ruhusa ya kusimama.

Na sisi wa kanisa tuna fanfare na kwaya. Mtoto ambaye hawezi kuketi saa tatu za mahubiri anaweza kupiga ngoma, kubeba bendera, kupanga viti. Tusimpigie kelele katika ibada mbele ya mkutano mpaka mama yake aone haya na kuacha kuja. Mama huyo amechoka. Anahitaji dada mmoja aseme, "Leo nitakaa na mtoto wako, wewe omba."

7. Neno kwa wenye karama ya unabii

Hatusemi kwamba hakuna roho wachafu. Tunaamini Injili yote. Lakini angalieni mwisho wa habari ya yule mtoto. Marko anasema Bwana alimshika mkono, akamwinua. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Hata pale ambapo kulikuwa na pepo wa kweli, Bwana alimfukuza pepo, hakumfukuza mtoto. Kazi yoyote ya kufungua watu inayomaliza na mtoto barabarani haikutoka kwake.

Na wako barabarani. Wale mnaowaita shege au maibobo, wengi wao walitoka nyumbani kwa sababu ya neno moja lililosemwa na mtu mzima mwenye Biblia mkononi. Wengine walifungishwa siku nyingi bila chakula wala maji, wakatiwa pilipili machoni, mpaka wakakubali kwamba wamekula watu. Mtoto mwenye njaa atakubali lolote. Hasa yatima, na mtoto anayeishi kwa mama wa kambo, na huyu asiyetulia, ambaye kila siku anampa mtu sababu mpya ya kukasirika.

Sheria ya nchi pia imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka kifungo kinachoweza kufika miaka 3, pamoja na faini, kwa anayemshtaki mtoto hivyo. Asiseme mtu kwamba ni roho aliyesema kwa kinywa chake. Gereza litafungwa juu yake.

Lakini sisi tuna sababu kubwa kuliko gereza. Kumbukeni nabii Simon Kimbangu. Alianza kazi ya kuponya tarehe 6 Aprili 1921, na mambo ya kwanza aliyowaambia watu yalikuwa kutupa fetishi. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, baraza la askari wa wakoloni lilimhukumu kufa, bila kumpa hata mtetezi. Mfalme wa Ubelgiji alibadili hukumu iwe kifungo cha maisha, naye alikaa gerezani miaka 30, akafa Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Makanisa ya kinabii ya Kongo yamezaliwa katika machozi ya mtu aliyehukumiwa bila mtetezi. Itakuwaje basi sisi tuketi kama baraza lile, na mtoto wa miaka 8 asimame mbele yetu peke yake, bila mtetezi?

Kwa hiyo tunawaomba ninyi nyote, wachungaji, manabii, mashemasi na wazee wa kila paruasi: mtoto akiletwa kwenu, ulizeni kwanza, tangu lini? Pili, ulizeni kama amefika kwenye kituo cha afya. Kama bado, mmoja wenu aende naye na mzazi wake. Kiisha mwombeeni, mkimwita kwa jina lake. Neno "mlozi" lisitajwe juu ya mtoto katika nyumba ya Mungu, wala katika ndoto zinazosimuliwa, wala katika maono. Na mzazi aliyekwisha kumfukuza mwanawe, aende amtafute leo, tutakwenda pamoja naye.

Bwana Yesu, uliyeuliza kabla ya kuponya, utufundishe kuuliza. Uwape madaktari wetu ujuzi na dawa, uwape walimu subira, uwape wamama nguvu ya asubuhi mpya. Na watoto wako wasiotulia, uwashike mkono, uwainue, uwarudishe kwa baba zao.

Amina.